Mzee Matonya na Tajiri wa Kitabuni

Mzee Matonya wa Kizota aliishi mpaka akaota mvi bila kukutana na kitabu, na siku alipokutana nacho waligombana. Tusimcheke haraka. Wako watu waliosoma vitabu mpaka macho yakawauma na hawajagombana na hata kimoja, maana hawakukisikiliza vya kutosha.

Ilikuwa enzi za Mdachi, miaka ile reli ilipokuwa ikipanda kutoka pwani kuja Dodoma, na kila mpita njia akija na habari yake ya mahali ilipofikia. Matonya hakujali reli. Alijali ng'ombe. Alikuwa nao wengi, zizi limefurika, lakini ukimwona mwenyewe ungedhani ni mchungaji aliyeajiriwa na mtu bahili. Shuka aliyojifunga ilikuwa ileile tangu mke wake alipojifungua mtoto wa kwanza. Nyama aliila pale tu ng'ombe alipojifia mwenyewe, kwa uzee au kwa maradhi, na hata hapo aliila huku amenuna. Jirani mmoja alipata kumwuliza, ng'ombe wote hawa unamwekea nani? Matonya akamjibu kwamba hamwekei mtu, anawaacha tu wawe pamoja, maana wamezoeana. Jirani akaenda zake hajui kama amejibiwa au ametukanwa.

Huyu basi ndiye ambaye kijana Bartolomayo alitaka awe baba mkwe wake. Mkwe hachaguliwi. Unampenda binti, ukigeuka unamkuta mkwe amesimama nyuma yake na fimbo.

Bartolomayo alikuwa mwalimu wa darasa la misheni, mrefu, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma, na hana ng'ombe. Alikuwa naye mmoja, urithi wa marehemu baba yake, akamuuza akanunua kanzu na viatu vya ngozi ili aonekane mwalimu. Akaonekana kweli. Lakini kilichoonekana zaidi, kwa watu wa Ugogo, ni kwamba sasa hana ng'ombe hata wa kumfukuza shambani. Raheli, binti Matonya, alikuja darasani kwake kujifunza kusoma. Alijifunza upesi kuliko wote, na baada ya kujua akaendelea kuja. Mambo hayo hayahitaji maelezo marefu.

Mshenga akatumwa kwa Matonya. Akarudi na njaa na hana jibu. Akatumwa tena, na mara hii akarudi na jibu: hesabu ya ng'ombe ambayo Bartolomayo alipoisikia aliomba atajiwe upya, akidhani mshenga amechanganya na mahari ya ukoo mzima. Na juu yake palikuwa na salamu. "Mwambie mwalimu," Matonya alikuwa amesema, "akiona ni wengi, basi aoe viatu."

Hapo ndipo shauri lilipokwama, na kulikuwa hakuna muda wa kukwama. Upande wa Kikuyu, kijiji cha jirani, alikuwako mtu mzima mmoja, mwenye wake na mwenye zizi, aliyetajiwa hesabu ileile akaikubali bila kumeza mate. Mavuno yakiisha angekuja kumchukua Raheli. Na mtama ulikuwa tayari umeanza kuinamisha vichwa mashambani.

Sasa, Bartolomayo alikuwa na kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo cha hadithi kilichopigwa chapa huko pwani, na alipokisoma mara ya kwanza alishtuka, maana alimkuta Matonya ndani yake. Humo aliitwa Bwana Mbaruku, lakini alikuwa yeye, mtupu, amekosa shuka tu. Na kitabu kizima kilikuwa kinamsema. Bartolomayo akawaza: mzee hasemeki, ukimwambia kwamba ni bahili atakupiga. Lakini kitabu hakipigwi. Kikimsimulia mwenyewe habari zake, ataona aibu, na akiona aibu atapunguza. Si wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua? Akajiona mjanja sana. Siku mtu anapojiona mjanja sana, angelala tu nyumbani.

Akaenda siku hiyohiyo mchana, wakati ng'ombe wako malishoni na mzee hana la kufanya ila kuwakumbuka. Akasema amekuja kumsomea hadithi. Matonya akauliza itagharimu nini. Aliposikia ni bure, akasogea pembeni kumpisha kivulini.

Walikaa kwenye ukuta wa nje wa tembe. Alikuwapo pia Halfani, mchuuzi wa Kondoa, aliyepita na mizigo yake ya chumvi akaona afadhali apumzike. Halfani ujanani aliwahi kubeba mzigo mpaka Bagamoyo, akalala huko siku chache, na tangu hapo akajihesabu mtu wa pwani. Raheli alikuwa mlangoni anasaga uwele kwa jiwe. Mama yake alibaki ndani, maana mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Hakuna aliyekuwa amekubali kwamba Bartolomayo ni mkwe, lakini mama aliona ni heri kujihadhari, na Bartolomayo akaichukua hiyo kuwa dalili njema.

"Palikuwa na mji mzuri kando ya bahari," akaanza.

"Ngoja," akasema Mzee Matonya. "Mvua zilikuwaje?"

"Wapi, Baba?"

"Huko mjini kwa huyo mwenye kitabu. Mwaka huo."

Bartolomayo akautazama ukurasa juu mpaka chini. "Hakusema."

"Hakusema? Anataka nisikilize habari za watu, na mimi sijui hata kama wamevuna?"

Na hapo mzee alikuwa na haki yake. Mgeni akiingia kwa Mgogo haulizwi shida yake mlangoni. Huulizwa ya huko atokako: mvua, ng'ombe, watoto, wagonjwa, kisha mvua tena. Ukishayajua hayo, ile shida yake umekwisha kuijua nusu kabla hajafungua kinywa. Kitabu kilikuwa kimeingia uani kwa Matonya bila adabu hizo, kimeanza kujieleza tu.

Bartolomayo akatafuta. Mwishowe akapata mahali. "Anasema miembe ilikuwa na majani mabichi, na kisima kilijaa."

"Basi ilinyesha," akasema mzee, akatulia. "Angesema tangu mwanzo. Hao ni watu walioshiba. Watu walioshiba wana matatizo ya aina yake. Haya, na hiyo bahari?"

Hapo Halfani akajikohoza. Alikuwa amengojea nafasi hiyo tangu Bagamoyo. "Ni maji, Mzee. Maji mpaka macho yako yachoke, na bado ni maji."

"Ya kunywa?"

"Hapana. Yana chumvi."

Matonya akamsogelea. "Chumvi imo humohumo ndani ya maji?"

"Humohumo."

"Hununui?"

"Hununui, Mzee. Unachota tu."

Uso wa mzee ukawa wa mtu aliyesimuliwa habari za peponi na shahidi aliyetoka huko jana. Alikuwa amenunua chumvi ya ng'ombe maisha yake yote, na kila mara kwa uchungu. Akageuza macho polepole akaitazama mizigo ya Halfani iliyoegemea ukuta. Halfani akajuta kusema. Akaongeza haraka kwamba ng'ombe hawayanywi maji yale, ni machungu mno, yanaharibu tumbo, na kwamba chumvi ya Kondoa ni nyingine kabisa. Hakuna aliyemsikiliza. Jua lilipopoa walikuwa wamesoma ukurasa mmoja na nusu, na mzee alikuwa amekwisha kuijua ile nchi kuliko aliyeiandika.

"Njoo kesho," akamwambia Bartolomayo. "Watu wenyewe hatujawaona bado."

Kesho yake ukuta ulijaa. Majirani walikuwa wamesikia kwamba kwa Matonya kuna kitu kinatolewa bure, na jambo hilo halijawahi kutokea. Bartolomayo akafungua sura ya pili, ile ya tajiri mwenyewe, aliyoitegemea. Akaisoma taratibu, akimwangalia mzee kwa jicho la pembeni, kama mama anayemnywesha mtoto dawa.

"Katika mji ule alikaa Bwana Mbaruku, tajiri wa ng'ombe. Ng'ombe wake walikuwa wengi, naye hakuchinja hata mmoja. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa zizi akawatazama, kisha akarudi ndani akala kiporo."

Akainua macho, akingojea aibu ifike. Ikafika kitu kingine. Uso wa Mzee Matonya ulikuwa umechanua mpaka meno aliyobakiwa nayo yakaonekana yote.

"Huyu mtu ni wa ukoo gani?"

"Ni wa pwani, Baba."

"Haiwezekani. Mama yake ni wa huku. Chunguza vizuri." Akawageukia majirani. "Mmemsikia? Zizi zima analo, naye anakula kiporo. Huyo ndiye mtu mwenye akili."

Majirani wakakubali kwamba akili anayo. Mmoja akasema ana hakika alimwona mtu wa namna hiyo akipita na msafara mwaka wa nzige.

"Kitabu kinasema watu wa mji walimcheka," akasema Bartolomayo, jasho limeanza kumtoka.

"Watu gani? Wana ng'ombe?"

Bartolomayo akatazama. Kwa kweli kitabu hakikuwapa hata ndama.

"Unaona," akasema mzee. "Endelea. Nataka kujua kama ng'ombe wake alikuwa akiwapa majina."

Haya, ukiteleza mlimani hakuna pa kushika. Sura ilikuwa na mtu wa pili, na Bartolomayo alikuwa amemsahau. Huyu aliitwa Feruzi, jirani yake Mbaruku, kijana mwenye moyo mkunjufu aliyeachiwa na marehemu baba yake ng'ombe mmoja. Siku moja wageni walimjia. Feruzi akamchinja ng'ombe wake, wageni wakala wakasaza, na moyo wake ukafurahi. Bartolomayo aliusoma mstari huo kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila neno.

Kisha sauti ya Mama Raheli ikatoka gizani ndani ya tembe.

"Raheli, mwulize huyo anayesoma. Huyo Feruzi ana mama?"

"Anaye," Bartolomayo akaiambia ardhi.

"Anaye, Mama," akasema Raheli, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwulize tena. Mama yake sasa atakunywa maziwa ya nani?"

Mzee Matonya alikuwa amemkazia macho Bartolomayo. Macho yakashuka taratibu kwenye kanzu, yakaendelea kushuka, yakafika kwenye viatu vya ngozi, yakakaa hapo.

"Namjua mmoja wa namna hii," akasema. "Binti yangu kwa Feruzi? Hata."

Bartolomayo alirudi nyumbani amevivua viatu amevishika mkononi. Alikuwa amekwenda kumwonyesha mzee sura yake, na badala yake ameionyesha yake mwenyewe, mbele ya watu wa Kizota wote na mchuuzi wa Kondoa. Na huko mashambani walikuwa wamekwisha kuanza kukata mtama.

Asubuhi Raheli akamkuta darasani peke yake.

"Ulitaka kumsema baba yangu kwa kitabu," akamwambia.

Bartolomayo akajifanya kupanga vibao vya wanafunzi.

"Ungeniuliza ningekukataza. Baba ukimsema kwa mafumbo anayapenda mafumbo, anakwenda nayo." Alitaka kukasirika, lakini alikumbuka uso wa baba yake akiuliza habari za ukoo wa Mbaruku, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipomaliza kucheka machozi yalibaki, na hayakuwa ya kicheko. "Yule wa Kikuyu ameleta habari. Anakuja mwezi ukiandama. Mimi kwake sitaki kwenda, Bartolomayo. Tafuta la kufanya."

Akatafuta, na alilopata lilikuwa baya kuliko la kwanza. Aliwaza hivi: pale ukutani kusoma anajua yeye na Raheli tu. Karatasi haisemi peke yake. Nani atajua akimtengeneza Feruzi kidogo?

Alasiri ile akakaa ukutani, akafungua sura ya tatu, akakohoa. "Asubuhi Feruzi akaamka, akajuta. Akaenda akanunua ng'ombe, tena wengi, akawa mtu mwenye zizi."

"Kwa nini?" akauliza Mzee Matonya.

"Kwa nini nini, Baba?"

"Kwa nini amejuta? Jana umesema moyo wake umefurahi. Leo nani amemsema? Mama yake amelia? Wageni wamemcheka?"

"Hakusema."

"Na ng'ombe kawapata wapi? Aliyekuwa naye amemla, shamba sijalisikia. Ameiba?"

"Hapana, Baba. Ni kwamba, alipata tu."

"Hakuna mtu anayepata tu." Mzee hakuwa amekasirika bado. Alikuwa akimwonea Feruzi huruma. "Huyu si yeye. Yule wa jana ni mjinga, lakini ni mjinga mwenye furaha, namjua hata nikimkuta njiani. Huyu wa leo ni mtu mwingine umemvika jina."

"Halafu, mwalimu," akasema Halfani, ambaye angekuwa mbali na safari yake kama si hadithi hii, "leo macho yako hayatembei. Jana yalikuwa yanakwenda huku na huku. Leo umeyakazia mahali pamoja kama mtu anayetafuta chawa."

Watu wakamtazama macho. Bartolomayo akajaribu kuyatembeza, akachelewa.

"Soma kilichoandikwa," akasema Mzee Matonya.

Angeweza kusema kitabu kimeishia hapo. Mwongo hodari angesema. Lakini Bartolomayo alikuwa mwongo wa siku moja, na mwongo wa namna hiyo akishikwa hana pa kukimbilia ila kwenye kweli. Akashusha macho, yakaanza kutembea, akasoma kwa ile sauti yake nzuri.

"Heri Feruzi, aliyeshibisha wageni akalala akiimba. Mbaruku alilala na njaa kati ya ng'ombe wake, wala katika mji ule hapakuwa na mpumbavu aliyemzidi."

Jiwe la kusagia likasimama. Halfani akaona ni vizuri kukagua kamba za mizigo yake.

"Nani anasema hivyo?" akauliza mzee. "Wale wasio na ng'ombe?"

"Hapana, Baba. Ni mwenye kitabu."

"Mwenye kitabu mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tangu alipomleta, alimleta ili achekwe." Mzee akakaa akilitafakari hilo. "Na wewe ulilijua, siku ya kwanza ulipokuja hapa?"

Bartolomayo aliogopa. Lakini Raheli alikuwa akimtazama. "Nilijua, Baba."

"Ukanisomea ili nijione."

"Ndiyo, Baba. Nilitaka upunguze mahari."

Kila mtu alingojea fimbo. Mmoja wa majirani akasogea ili isimpitie. Mzee Matonya hakuigusa. Alikuwa ameumia, tena vibaya, na hakujua kuficha, kwa sababu tangu azaliwe alikuwa amejifunza kuonyesha hasira tu.

"Nilimpenda yule mtu," akasema.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe." Bartolomayo akampa kitabu. Mzee akakishika juu chini, akapapasa karatasi kwa kidole gumba mpaka akaifikia ile ya kwanza.

"Kabla ya hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Baba. Hapo ndipo mwanzo."

"Si mwanzo. Mtu halali na njaa penye maziwa bila sababu. Kuna jambo lilimpata, huyu Mbaruku, na mwenye kitabu hakuuliza. Amemkuta mtu mzima mlangoni pa zizi, akaanzia hapo." Akakifunga. "Mimi nilikuwa na dada."

Raheli akainuka pale mlangoni. Hakuwa amewahi kusikia habari ya shangazi.

"Jina lake Nyemo. Baba yetu alikuwa na ng'ombe, si haba, na alikuwa mkarimu, nchi nzima ilimsifu. Wageni wakija anachinja. Ngoma ikichezwa anachinja. Mvua zikakataa, tukachinja. Zikakataa mara ya pili, zizi likabaki samadi kavu. Ndipo wakapita watu na mtama. Wakauliza tunatoa nini. Hatukuwa na kitu zizini. Baba akamtoa Nyemo. Alisema mvua ikinyesha atamkomboa. Mvua ilinyesha, lakini wale watu hawakupita tena." Akakigeuza kitabu mkononi. "Ule mtama niliula. Ulikuwa mtamu."

Ndani, Mama Raheli alisikika akipenga kamasi.

"Mnasema nataka ng'ombe wengi wa mahari," akaendelea mzee. "Ndiyo, nataka. Mtu asiye na zizi, siku ya njaa atatoa nini?"

Bartolomayo alijua jibu, na alitamani kutolijua. "Atatoa mtoto," akasema.

"Haya. Basi hicho ndicho kitabu chako hakikuandika."

Bartolomayo aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kitabu hiki alikuwa amekisoma mwanzo hadi mwisho, tena zaidi ya mara moja, akajiona amekielewa. Akapiga goti mbele ya mzee.

"Baba, nimekosa. Sitaomba tena upunguze. Wote uliowataja nitawatafuta. Reli inataka watu wa kazi, nitakwenda."

"Wote?"

"Wote."

"Itakuchukua miaka."

"Raheli amesema atanisubiri."

"Sijasema," akasema Raheli.

Mzee akamgeukia binti yake. Watu wote wakamgeukia. "Sema basi."

"Nitamsubiri," akasema Raheli. "Lakini si miaka yote hiyo. Na Kikuyu siendi, Baba, hata yule mtu alete ng'ombe wa Ugogo nzima. Ana zizi, ndiyo, lakini hajaniuliza hata jina."

Mzee Matonya akakuna kidevu. Hali hii ilimsumbua. Maisha yake yote watu walimwomba apunguze, na kukataa alikujua. Sasa mtu ameacha kuomba, amepiga goti, anataka kulipa wote. Mtu kama huyo unamkatalia nini?

"Sikiliza," akasema mwisho. "Mimi ng'ombe ninao. Niliowataja si kwa ajili yangu. Niletee mmoja, mwekundu ukimpata, uchukue mke wako; yule wa Kikuyu nitamwambia asije. Hao wengine kila ukimpata mmoja mfuge kwako, usimuuze, usimchinje, hata aje nani. Nitakuja kuangalia."

"Lini, Baba?"

"Kila asubuhi," akasema mzee, na hakuna aliyedhani anatania.

Ndani ya tembe Mama Raheli akapiga kigelegele, kisha akakikatisha katikati, akikumbuka kwamba sasa mkwe ni mkwe kweli na sauti yake nayo ina mipaka. Majirani wakacheka, Halfani akacheka kuliko wote, kwa nafuu ya mtu aliyeshuhudia kesi isiyo yake. Akasema atatoa chumvi kidogo ya harusi. Watu wakamshika hapohapo na neno lake, akabaki anajilaumu.

Kelele zilipotulia, Mzee Matonya alikuwa bado ameshika kitabu. Akamrudishia Bartolomayo.

"Soma."

"Sura ya tatu, Baba?"

"Ya kwanza. Lakini kabla ya mji na bahari, mweke Nyemo."

Bartolomayo akafungua ukurasa wa kwanza. Macho yake hayakutembea, na Halfani safari hii hakusema kitu.

"Palikuwa na msichana," akasoma, "jina lake Nyemo. Naye alikuwa na ndugu wa kiume."

"Mdogo," akasema Mzee Matonya. "Sema alikuwa mdogo. Sema hakuweza kitu."